Kushusha injini ya Kombi ya 1970 uani Walukuba: kisa cha oili iliyolowesha klachi

Gari lenyewe ni Volkswagen Kombi ya mwaka 1970, usukani kulia, injini ya 1600 yenye silinda nne zilizolala mbili huku na mbili huku. Inapozwa kwa upepo wa feni, haina rejeta wala tone la maji. Mwenyewe ni mzee mstaafu anayeishi Walukuba, Jinja, kwenye mtaa uliojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji huu wa viwanda, ambako hadi leo Mluo, Msamia, Mgisu na Mwacholi wakikutana bombani Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Uani kwake hakuna shimo la makanika, hakuna kreni, hakuna hata sakafu ya saruji. Kuna udongo mwekundu, mwembe, na kivuli cha kutosha.

Malalamiko yalikuwa mawili. Oili ilikuwa ikidondoka pale injini inapokutana na giaboksi, kila asubuhi doa jipya. Kisha klachi ikaanza kuteleza: kwenye barabara ya Kampala, akipanda vilima baada ya Lugazi, injini inapiga kelele lakini gari haliendi. Gereji ya kwanza ilimwambia injini imekufa, afunge ya Toyota. Ya pili ikataka kufanya ovahoo nzima, yaani kuipasua injini yote na kuijenga upya. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyelala chini ya gari akanusa kilichokuwa kinadondoka.

Ushauri wa kufunga injini ya Toyota unatolewa kirahisi mno Uganda, na mimi naupinga pale ambapo injini ya awali haijapimwa. Injini inayopozwa kwa maji, ikiwekwa nyuma ya Kombi, inataka rejeta, na rejeta inataka upepo ambao nyuma kule haufiki vizuri. Inataka mabomba marefu, inataka bamba la kuiunganisha na giaboksi isiyoijua, na inataka vihimili vipya vya kuchomelea. Nimeona Kombi kadhaa zilizofanyiwa hivyo zikiishia kuwa mabanda ya kuku. Chuma kilikuwa kizima, ila kazi ilianzishwa na mtu asiyejua itakwishia wapi.

Kwa hiyo tulianza na pua. Mzee aliniuliza, “Fundi, hii inatoka wapi hasa?” Nikamwambia, “Mzee wangu, tunuse kwanza.” Oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti kwa sababu ya dawa zilizomo, na huwezi kuichanganya na nyingine ukishaijua. Iliyokuwa kwenye kidole ilikuwa nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya kuungua. Ni oili ya injini. Hapo sili ya shafti ya giaboksi, yaani mpira wa kuzuia oili isivuje, ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa, wakabaki watatu: sili kubwa ya kranki (shafti kuu ya injini) iliyo nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito ambalo klachi hufungwa juu yake, ule mpira wa mviringo ulio ndani ya flaiwili yenyewe, au sili ndogo za kipoza oili. Huyu wa mwisho ni msingiziaji mkubwa. Kwenye injini za mwaka huo kipoza oili kimesimama ndani ya kasha la feni, upande wa kushoto, karibu na silinda ya tatu, na kikivuja oili hushuka hadi chini ya flaiwili ikaonekana kama imetokea huko.

Kisha nikamwambia mzee ashike puli ya kranki kwa mikono miwili, avute na kusukuma, injini ikiwa imezimwa. Ikasikika “klik”. Kranki nzima huruhusiwa kusogea mbele na nyuma kati ya milimita 0.07 na 0.13, na ikizidi 0.15 ni mbovu. Mchezo wa kiasi kinachoruhusiwa mkono haupati kuusikia vile. Ukiusikia, umezidi, na kranki inayocheza hivyo huila sili yake hata kama sili ni mpya. Tukaazima geji ya saa, ile yenye mshale, kwa fundi wa mashine ya kukerezea vyuma, tukaiweka kwenye puli: 0.22. Jibu hilo lilitosha kuamua. Injini ishuke, lakini isipasuliwe mpaka tuone flaiwili imeficha nini.

Kuhusu moto sitapita haraka. Tangi la petroli la Kombi liko mbele ya injini, nyuma ya ukuta wa bati, tena juu kuliko pampu, kwa hiyo ukichomoa paipu petroli inatoka yenyewe bila kungoja kuvutwa. Betri nayo iko ndani ya chumba hicho hicho cha injini, upande wa kulia. Na mwili wa injini hii umetengenezwa kwa aloi ya magnesi, ambayo ikishawaka vizuri haizimwi kwa maji, maji yanaichochea. Ndiyo maana kitu cha kwanza kufunguliwa kilikuwa waya hasi wa betri, kisha betri yenyewe ikatolewa na kupelekwa barazani. Paipu ya petroli ikazibwa kwa bolti safi na kubanwa kwa klipu kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. Mchanga mkavu ukawekwa kwenye karai. Kijana mmoja aliyekuwa anavuta sigara aliambiwa na mzee, kwa upole lakini bila mjadala, aende akamalizie ng'ambo ya barabara.

Kutenganisha vitu vya juu ni kazi ya subira tu. Waya za koili, dainamo, swichi ya oili na choki ya umeme zilibandikwa utepe wa karatasi wenye gundi na mzee akaandika kila moja kwa mkono wake. Kichujio cha hewa kikatoka, kebo ya mafuta ikafunguliwa kwenye kabureta na kuvutwa kurudi mbele kupitia kasha la feni, mabomba ya hewa ya moto yakaachiwa pande zote mbili. Oili ikamwagwa, lita mbili na nusu, na haikuwa na chembe za chuma zinazong'aa. Hiyo ilikuwa habari njema ya kwanza. Kombi za hadi karibu 1971 zina faida moja ambayo wenye gari wengi hawaijui: lile bati la nyuma chini ya mlango wa injini linafunguliwa. Ukilitoa pamoja na bampa, injini inarudi nyuma moja kwa moja, na huhitaji kunyanyua gari juu mno ili ipite chini. Kwa kazi ya nyumbani hilo linaokoa mgongo, na linaokoa maisha pia, maana kadiri gari linavyokuwa juu ndivyo stendi zinavyoyumba.

Sasa bolti. Injini imeshikwa na giaboksi kwa sehemu nne tu, zote spana namba 17. Mbili za chini ni nati kwenye stadi (bolti zisizo na kichwa), zinaonekana. Mbili za juu ndizo zinazowatoa watu jasho. Ya kulia inapita pia kwenye stata, hivyo mmoja analala chini akishika kichwa cha bolti huku mwenzake akiingiza mkono nyuma ya kasha la feni kutafuta nati asiyoiona. Ya kushoto unaipapasa kwa vidole tu. Mwanafunzi wangu ana mkono mwembamba, kazi hiyo ikawa yake, na aliifanya macho ameyafumba ili asidanganywe na anachokiona. Nyuma kabisa kuna ile baa iliyojikunja inayobeba mkia wa injini na kushikwa kwenye chasisi pande zote mbili. Hiyo hufunguliwa ya mwisho, jeki ikiwa tayari imebeba uzito.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Giaboksi ya Kombi imefungwa kwa mbele, nyuma yake inategemea kuungana na injini, na injini imeshikwa na ile baa. Ukiitoa baa, vyote viwili vinakuwa kitu kimoja kirefu kinachoning'inia. Ukitenganisha injini bila kuihimili giaboksi, nyuma ya giaboksi inalala. Na kati yao bado kuna shafti moja, iliyopita katikati ya pleti ya klachi, inayotakiwa kuchomoka ikiwa imenyooka kabisa. Injini ina uzito unaozidi kilo 100. Shafti ile haikutengenezwa kubeba hata robo ya mzigo huo.

Tuliweka jeki ya magurudumu chini ya injini, juu ya ubao mpana, na jeki ya chupa chini ya giaboksi, juu ya tofali. Mvua ilinyesha usiku kabla hatujamaliza, kama inavyonyesha Jinja bila kubisha hodi. Asubuhi bolti za juu zikatoka, baa ikafunguliwa, injini ikavutwa, ikasogea upana wa kidole, ikagoma. Ikatikiswa, ikagoma. Walikuwepo majirani wanne wenye nguvu na mmoja tayari ameshika mtaimbo. Mzee mwenyewe akasema, “Kijana wangu, si ungeitia mtaimbo hapo katikati ukawaachia hawa wavute?” Nikamjibu, “Mzee, mtaimbo huo uendelee kupumzika. Tuangalie pengo kwanza.”

Pengo ndilo kipimo. Injini na giaboksi zikiwa zimeachana kidogo, nafasi kati yao inatakiwa iwe sawa juu, chini, kushoto na kulia. Nikamulika tochi. Chini kidole kiliingia. Juu ilipita ncha ya bisibisi nyembamba tu. Hilo lina maana moja: nyuma ya giaboksi imeshuka, uso wake umeinamia chini, na shafti imejikaba kwenye meno ya pleti. Kama ingekuwa kinyume, juu pana na chini pembamba, kosa lingekuwa la jeki ya injini kukaa mbele mno na mkia wa injini kulala. Tukaangalia chini ya jeki ya chupa, tukakuta tofali limezama kwenye udongo uliolowa karibu nusu ya kimo chake.

Mtaimbo ungefanya nini hapo? Ungeng'oa kipande cha ukingo wa aloi, ambayo ni laini, na kuanzia hapo uso wa injini usingekaa tena sawasawa na giaboksi. Au wale wanne wangevuta mpaka injini ichomoke ghafla na pleti ya klachi ikapinda kwenye kitovu chake. Majeraha ya namna hiyo nimeyaona kwenye injini nyingi, na mara nyingi mwenye gari huambiwa ni uchakavu.

Jirani mmoja alikuwa na vipande vya taruma la reli, mbao nzito za zamani. Tukaingiza kimoja chini ya jeki badala ya tofali, tukapandisha giaboksi kidogo kidogo, tochi imeelekezwa kwenye pengo. Lilipolingana juu na chini, mwanafunzi wangu akaweka mkono mmoja kwenye mufla, akaivuta injini peke yake, ikatoka. Tukaitelezesha nyuma hadi wazi kabisa na kuishusha juu ya tairi kuukuu. Giaboksi ikafungwa kwa kamba imara isilale tena.

Pleti ya klachi ilikuwa imelowa na kung'aa. Pleti iliyokunywa oili haioshwi kwa petroli ikarudishwa, hata ikionekana nene, kwa sababu oili imeingia ndani ya malighafi yake na joto likipanda itatoka tena. Tukaiweka kando. Sehemu za giaboksi kuzunguka shafti zilikuwa kavu. Sili za kipoza oili nazo kavu. Washukiwa wakabaki wawili, wote nyuma ya flaiwili.

Flaiwili imeshikwa na nati moja tu katikati, soketi ya milimita 36, na inakazwa kwa nguvu ya Nm 343, kama uzito wa kilo 35 kwenye mpini wa mita moja. Soketi tuliazima kwa mafundi wa malori. Flaiwili tukaizuia isizunguke kwa kuifunga chuma cha pembe kwenye matundu mawili ya klachi, mwisho wake mwingine ukiegemea ardhini, na mpini tukauongezea bomba refu. Ililia mara moja, ikaachia. Kwa wanaouliza watakazaje nyumbani bila spana ya kupimia nguvu: mtu wa kilo 70 akiuelemea mpini ulio mlalo kwa uzito wake wote, taratibu bila kurukaruka, nusu mita kutoka katikati ya nati, anafikia nguvu hiyo hiyo. Si kipimo cha maabara, lakini kinashinda sana kubahatisha kwa nyundo na patasi.

Sili ilikuwa imekuwa ngumu kabisa. Ukucha haukuacha alama kwenye mdomo wake. Mpira wa mviringo wa flaiwili nao ulikuwa umebonyea, umekuwa bapa. Wote wawili walikuwa wanavujisha.

Lakini kubadilisha mpira bila kurekebisha mchezo wa kranki kungekuwa kujidanganya. Mchezo huo unapangwa kwa washa nyembamba za chuma, tatu daima, zinazokaa nyuma ya flaiwili. Tulizokuta zilikuwa mbili za 0.30 na moja ya 0.24. Utaratibu ni kuirudisha flaiwili ikiwa na washa mbili tu, bila sili wala mpira, kuikaza, kisha kupima. Geji ikasoma 0.46. Toa 0.10, ambayo ndiyo nafasi tunayoitaka, unabaki na 0.36: huo ndio unene wa washa ya tatu. Hesabu ni ndogo hivyo, na ni ajabu kwamba injini nyingi hupasuliwa bila mtu kuifanya. Sili, mpira, pleti na washa ya 0.36 vilitoka Nairobi kwa basi, maana soko la vipuri la Kisekka kule Kampala, ambako hukosi kipande cha Toyota, kwa Volkswagen ya miaka hiyo unaweza kuzunguka hadi jioni.

Sili mpya ilipakwa oili mdomoni na kusukumwa kwa kukaza polepole bamba la mviringo kwa ile nati kubwa, isigongwe upande mmoja.

Injini ikiwa bado chini ndipo lilipojitokeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko sili. Kuzunguka injini hii kuna mabati yanayoziba nafasi kati yake na bodi, na kwenye ukingo wake kuna mpira mrefu. Kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu, inayovutwa na feni, na hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye silinda na kutupwa chini. Kwenye Kombi hii mpira haukuwepo kabisa na bati moja la nyuma lilikosekana. Aliyeishusha injini hapo awali hakuvirudisha. Feni ilikuwa inavuta tena joto lake lenyewe, kilomita 80 hadi Kampala, vilima vya Mukono na foleni juu yake. Silinda ya tatu, ambayo tayari hupata hewa iliyopashwa na kipoza oili, ndiyo inayoumia zaidi. Siwezi kuthibitisha kwamba joto hilo ndilo lililogumisha sili, lakini mpira huchakaa kwa joto, na joto lilikuwepo. Fundi bati wa sokoni alikata bati jipya kwa kufuata kiolezo cha karatasi ngumu, na mpira tukaupata kwenye ukingo wa mlango wa lori uliokuwa na umbo linalokaribiana.

Kurudisha kulienda haraka. Pleti mpya ya klachi ilisawazishwa kwa kijiti cha mbao kilichochongwa na kufungwa utepe hadi kikaenea. Beringi ndogo iliyo ndani ya nati ya flaiwili ikapata grisi kidogo sana. Vitako vya jeki zote mbili vilikaa juu ya taruma. Shafti ilipogusa pleti bila kuingia, mzee mwenyewe alizungusha puli kwa spana ya 30, robo ya mzunguko, na meno yakapata njia yake. Pengo likajifunga sawa pande zote kwa kusukuma kwa mikono, na bolti zikakazwa Nm 30 bila kutumika hata moja kuvuta injini ndani.

Geji ilisoma 0.10 baada ya kufunga. Kilichobaki wazi ni sababu ya mchezo ule kuongezeka. Ikiwa ni uso wa beringi uliolika kidogo kidogo kwa miaka, washa imemaliza kazi. Ikiwa beringi yenyewe imelegea ndani ya mwili wa aloi, nafasi itafunguka tena, na hapo kupasua injini hakutakuwa na mjadala. Namna ya kujua haihitaji kushusha kitu: geji inawekwa kwenye puli gari likiwa limesimama. Tumekubaliana na mzee tupime kila anapobadilisha oili, na kama itapita 0.15 kabla ya kilomita 5,000, injini inashuka tena na safari hii mwili wake unafunguliwa.